RISASI KUINGIA SI RISASI KUFAA

Somo kwa mwenye cheti cha bunduki: kulinganisha risasi na bunduki inayojipakia, na kuijaribu uwanjani

Mkulima ajuaye kazi yake hafungi nati yo yote katika bolti ya plau. Nati isiyo yake yaweza kushika nyuzi mbili tatu, ikaonekana imekaa vizuri, kisha ikaharibu nyuzi zote na plau ikaachana katikati ya shamba. Hasara hiyo ni ya shilingi na ya siku moja. Lakini risasi isiyo yake ikiingia katika bunduki, hasara ni jicho, au vidole, au uhai wa mtu aliyesimama karibu.

Wakulima wengi wa skimu hawana bunduki, wala hawana haja nayo. Wachache wana cheti, na wengine ni askari wa akiba wa polisi waliopewa bunduki za serikali ili walinde watu na mifugo. Somo hili ni lao kwanza. Lakini na wewe usiye na bunduki lisome pia, kwa maana waweza kuokota risasi ukilima, au mtoto wako akaileta nyumbani kama mwanasesere.

Jambo kubwa la kukumbuka ni moja: risasi kuingia katika bunduki si dalili kwamba inaifaa bunduki hiyo. Tutaona sababu yake, kisha tutaona jinsi ya kupima.

SHERIA KWANZA

Sheria ya bunduki ya Kenya ni Sura ya 114. Kwa sheria hiyo mtu hawezi kuwa na bunduki wala risasi bila cheti. Cheti hutaja bunduki yenyewe, na hutaja risasi za aina gani na kiasi gani mwenye cheti aruhusiwa kuwa nazo. Basi hatua ya kwanza ya kulinganisha risasi na bunduki ni kusoma cheti chako. Risasi isiyotajwa humo si yako, hata kama yaingia vizuri na hata kama umepewa bure.

Bunduki za kijeshi kama AK-47 na G3 si za raia. Mtu akikutwa nayo bila idhini ya sheria, adhabu yake ni kifungo kizito sana. Askari wa akiba asiitumie bunduki ya serikali kwa majaribio yake mwenyewe. Yeye hupokea risasi kwa mkuu wake, na hupiga shabaha kwa amri ya mkuu wake.

Tena kumbuka kwamba uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977. Nyani wakila mahindi yako, au ndovu akivunja ua, peleka habari kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Bunduki si dawa ya jambo hilo.

SEHEMU NNE ZA RISASI

Watu husema "risasi" kwa kitu kizima kinachotiwa katika bunduki. Nasi tutasema hivyo. Lakini kitu hicho kina sehemu nne:

1. Ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba nyeupe. Hili hushika sehemu nyingine zote, nalo hubaki baada ya mlio.
2. Fataki, kile kidude kidogo kilicho katikati ya kitako cha ganda. Kikigongwa hutoa cheche. (Katika risasi ndogo za .22 fataki haionekani, kwa maana dawa yake imewekwa ndani ya ukingo wa kitako.)
3. Baruti, iliyo ndani ya ganda. Cheche huiwasha ikageuka kuwa moshi wenye nguvu nyingi.
4. Kichwa, yaani kile kipande cha mbele ambacho husukumwa na moshi huo na kutoka katika mtutu.

Sasa fikiri. Risasi mbili zaweza kuwa na maganda yanayofanana kabisa kwa nje, lakini ndani baruti ni mbalimbali, au kichwa cha moja ni kizito zaidi. Macho hayawezi kuona baruti. Ndiyo sababu mtu asiyesoma maandishi hudanganyika.

JINSI BUNDUKI INAVYOJIPAKIA

Bunduki ya kawaida hupakiwa kwa mkono. Baada ya kila mlio mpigaji huvuta komeo nyuma, ganda tupu likatoka, kisha husukuma komeo mbele na risasi mpya ikaingia. Bunduki inayojipakia hufanya kazi hiyo yenyewe. Hata hivyo hutoa risasi moja tu kila mara kidole kinapofyatua. Isichanganywe na bombomu, ambayo hutoa risasi mfululizo maadamu kidole kimebana.

Nguvu ya kufanya kazi hiyo yatoka wapi? Yatoka katika risasi yenyewe. Tuchukue mfano wa bunduki moja inayojulikana sana duniani, ingawa si ya kuuzwa kwetu. Ni bunduki ya M1 ya Marekani, iliyobuniwa na John Garand katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Springfield, Massachusetts. Jeshi la Marekani liliikubali mwaka 1936, na zilitengenezwa zaidi ya milioni 5. Askari wa Ethiopia, jirani zetu, waliokwenda vitani Korea mwaka 1951 walipigana nayo.

Katika M1 kuna tundu dogo chini ya mtutu, karibu na mdomo. Kichwa cha risasi kikisha kulipita tundu hilo, moshi kidogo huingia ndani yake na kusukuma fimbo ndefu ya chuma kwenda nyuma. Fimbo hiyo hufungua komeo, komeo huvuta ganda tupu na kulitupa nje, kisha springi hurudisha vyote mbele pamoja na risasi mpya. Haya yote hupita upesi kuliko kupepesa jicho.

Mashine ya kusaga posho itakusaidia kuelewa. Injini ikiwa dhaifu, mashine haisagi, mahindi hukwama. Injini ikiwa na nguvu kupita kiasi, mkanda hukatika na chuma huvunjika. Bunduki inayojipakia ni hivyo hivyo. Risasi dhaifu haiwezi kurudisha komeo mpaka mwisho, kwa hiyo ganda hukwama. Risasi yenye nguvu iliyozidi hurudisha fimbo kwa kishindo, nayo hupinda au huvunjika.

Risasi ya M1 huitwa .30-06. Maana yake ni upana wa sehemu 30 katika 100 za inchi, na mwaka 1906 ilipokubaliwa na jeshi. Risasi ya jeshi iliyotumiwa sana katika M1 ilikuwa na kichwa cha greni 152, yaani karibu gramu 10. Lakini viwanda huuza .30-06 nyingine za wawindaji, zenye vichwa vya greni 180 na hata 220, na baruti inayoungua polepole. Zote zaingia katika M1 bila taabu. Lakini baruti inayoungua polepole huwa bado ina msukumo mkubwa kichwa kifikapo penye tundu, na fimbo hupigwa kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa. Shirika la Civilian Marksmanship Program, ambalo huko Marekani huwauzia raia bunduki hizi kuukuu za jeshi, huwaonya wenye M1 wasitumie risasi zenye kichwa kinachozidi greni 174 hivi, wala zenye msukumo uliozidi kipimo chake.

Huo ndio mfano wa kushika. Jina la risasi lilikuwa sawa, ganda lilikuwa sawa, iliingia sawasawa, na bado haikufaa.

MAJINA YANAYODANGANYA

Kosa la pili ni la majina yaliyokaribiana. Soma orodha hii polepole.

"Saba sita mbili." Kuna risasi ya 7.62 × 39, kuna ya 7.62 × 51, na kuna ya 7.62 × 54 yenye ukingo kitakoni. Tarakimu ya kwanza ni upana wa mtutu kwa milimita, ya pili ni urefu wa ganda. Hizi ni risasi tatu mbalimbali kwa bunduki tatu mbalimbali. Mtu akisema tu "nipe ya saba sita mbili," hajasema kitu.

.308 na .30-06. Vichwa vyao vina upana mmoja, na vitako vyao ni sawa. Lakini ganda la .308 ni la milimita 51, na la .30-06 ni la milimita 63. Risasi ya .308 ikitiwa katika bunduki ya .30-06 hukaa bila kushikwa mbele, na ikilia ganda hutanuka na laweza kupasuka, moshi ukarudi usoni.

.223 na 5.56 × 45. Kwa macho ni kitu kimoja. Lakini chemba ya bunduki ya 5.56 imeachiwa nafasi zaidi mbele ya ganda. Risasi ya 5.56 ikipigwa katika chemba iliyokatwa kwa .223 tu, msukumo wa ndani waweza kupanda kupita kiasi. Fuata yaliyoandikwa juu ya mtutu.

.300 Blackout. Hii hupakiwa katika magazini ile ile ya 5.56, nayo yaweza kuingia hata katika chemba ya 5.56, kichwa kikisukumwa nyuma ndani ya ganda. Lakini kichwa chake kina upana wa karibu milimita 8, na mtutu hauna hata 6. Bunduki hupasuka. Aliye na bunduki za aina hizi mbili asiweke risasi zake mahali pamoja hata siku moja.

.22. Kuna fupi, kuna ndefu, kuna ile ya kawaida iitwayo Long Rifle, na kuna Magnum. Bunduki inayojipakia iliyotengenezewa Long Rifle kwa kawaida haiwezi kujipakia kwa risasi fupi, kwa kuwa nguvu haitoshi. Risasi ya Long Rifle ikitiwa katika bunduki ya Magnum hucheza ndani, na ganda hupasuka.

Na wenye bunduki za marisau nao wasikilize: risasi ya namba 20 ikitiwa kwa kosa katika bunduki ya namba 12 huteremka na kukwama ndani ya mtutu. Mtu akitazama chemba huiona tupu, hutia risasi ya namba 12, na mtutu hupasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Zisikae kamwe katika mfuko mmoja.

KUKAGUA KABLA YA KWENDA UWANJANI

Fanya kazi hii mezani, mchana, bila kelele na bila watoto. Anza kwa kuhakikisha bunduki ni tupu: toa magazini, vuta komeo nyuma, tazama chembani kwa macho, kisha ingiza kidole. Toa magazini kwanza kila mara. Ukivuta komeo na magazini imo, unaipakia bunduki unapofikiri unaitoa risasi.

Halafu fuata hatua hizi:

Kwanza, soma maandishi ya juu ya mtutu au ya penye chemba. Yaandike katika karatasi herufi kwa herufi.

Pili, soma boksi la risasi, kisha soma kitako cha risasi yenyewe. Maandishi yote matatu, ya mtutu, ya boksi na ya kitako, yapatane. Yakihitilafiana hata kwa tarakimu moja, acha mpaka fundi wa bunduki mwenye leseni atakapokuambia. Fahamu kwamba risasi nyingi za majeshi hazina jina kitakoni, zina namba ya kiwanda na mwaka tu. Risasi ya namna hiyo isiyo na boksi lake haina ushahidi, usiipige.

Tatu, soma kitabu cha mtengenezaji wa bunduki. Humo hutajwa uzito wa kichwa na aina ya risasi inayofaa bunduki hiyo.

Nne, kagua risasi moja moja. Itupe kando iliyo na kutu ya kijani, iliyobonyea, iliyo na ufa shingoni, yenye kichwa kinachocheza au kilichozama, au yenye fataki iliyojitokeza nje kupita kitako. Fataki iliyojitokeza ni ya hatari zaidi katika bunduki inayojipakia, kwa sababu komeo hujifunga kwa kishindo. Katika bunduki kama M1 pini ya kugonga fataki imeachwa huru, nayo huigusa fataki kidogo kila komeo lifungapo. Fataki ikiwa laini, au imejitokeza, risasi yaweza kulia kabla kidole hakijagusa kitu.

Tano, usichanganye. Risasi za boksi moja zikae katika boksi hilo. Usitumie zilizojazwa upya nyumbani na mtu usiyemjua.

Sita, bunduki kuukuu ipelekwe kwa fundi apime nafasi iliyopo kati ya komeo na kitako cha risasi. Nafasi hiyo hupimwa kwa vipimo maalum vya chuma, haipimwi kwa macho. Ikizidi, ganda halishikwi vizuri na laweza kukatika.

Saba, safisha mtutu kwa mdeki na kitambaa, kisha tazama ndani kuelekea mwangaza. Buibui, udongo, au kitambaa kilichosahauliwa vyatosha kupasua mtutu.

KWA NINI SHAMBA LAKO SI UWANJA WA SHABAHA

Wengine husema, "Nitaijaribu huku nyuma ya boma, hakuna mtu." Tupige hesabu. Shamba la eka 5, likiwa mraba, lina karibu mita 142 kila upande. Risasi ndogo ya .22, ambayo watu huidharau, yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Basi yaweza kuvuka mashamba zaidi ya kumi ya jirani zako, pamoja na nyumba zao, visima vyao na njia ya watoto ya shule. Risasi ya .30-06 yaweza kufika kilomita 3. Tena risasi ikipiga jiwe, ardhi ngumu au maji hurukia upande usioutazamia.

Jaribu bunduki katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa tu, wenye ukuta mnene wa udongo nyuma ya shabaha na msimamizi wa kutoa amri. Vaa miwani ya kulinda macho na vizibo vya masikio. Sikio lililoharibiwa na mlio wa bunduki halirudi kama lilivyokuwa.

KUJARIBU HATUA KWA HATUA

Usijaze magazini siku ya kwanza. Jaribio zuri ni la polepole, nalo lina hatua nne.

Hatua ya kwanza: risasi moja. Itie katika magazini iwe peke yake, wala usiiweke chembani kwa mkono na kuliachia komeo liifunge kwa kishindo. Lenga shabaha, piga. Kisha okota ganda na ulitazame. Ganda zuri ni zima, na fataki yake ina shimo dogo la duara lenye kingo zilizoviringana. Fataki ikiwa imebanwa ikawa bapa kabisa, au imetoboka, au ganda lina ufa, au limevimba, au lina mstari unaong'aa kuzunguka karibu na kitako, simama. Usipige ya pili. Bunduki na risasi hazipatani, au bunduki ni mbovu.

Hatua ya pili: risasi mbili. Hapa unataka kujua mambo mawili. Je, bunduki imejipakia yenyewe? Na je, imetoa risasi moja tu kwa kufyatua mara moja? Ikitoa zote mbili kwa mara moja, mtambo ni mbovu. Iondoe uwanjani, iende kwa fundi.

Hatua ya tatu: risasi tano. Tazama maganda yanavyotoka. Yakianguka karibu mahali pamoja, mashine inakwenda sawasawa. Yakitoka kwa unyonge, au moja likibanwa katika komeo, huenda risasi ni dhaifu au bunduki ni chafu. Yakirushwa mbali sana, na vitako vimekwaruzwa, huenda nguvu imezidi.

Hatua ya nne: kupima shabaha. Keti, egemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, upige risasi tano kwa mita 25, zote ukilenga mahali pamoja. Usiitazame risasi moja moja. Tazama kundi zima na utafute katikati yake. Kundi likiwa dogo lakini kando ya shabaha, bunduki ni nzuri, yahitaji kusahihishwa. Kundi likitawanyika, tafuta sababu kwanza: mkono wako, skrubu zilizolegea, au risasi isiyoipenda bunduki hiyo. Aina nyingine ya risasi, ikiwa imeruhusiwa na inafaa, yaweza kuleta kundi dogo zaidi.

Kusahihisha ni hesabu tu. Alama ya nyuma ya kulengea husogezwa upande ule unaotaka risasi ziende. Alama ya mbele husogezwa kinyume chake. Tuseme kwamba katika bunduki yako hatua moja ya alama ya nyuma huhamisha risasi sentimita 3 kwa mita 100. Kundi lako kwa mita 100 limepiga sentimita 9 kushoto na sentimita 6 chini. Basi songeza hatua 3 kulia na hatua 2 juu. Lakini kwa mita 25 hatua hiyo hiyo huhamisha robo tu, yaani milimita 7 na nusu. Wengi hukosea hapa. Ukisha kusahihisha, piga kundi jingine kuhakikisha, kisha andika katika daftari: tarehe, aina ya risasi, uzito wa kichwa, na umbali. Ukibadili aina ya risasi, pima upya.

MLIO MDOGO NDIO HATARI KUBWA

Kuna mambo mawili yawezayo kutokea uwanjani, na kila mtu ayajue kwa moyo.

La kwanza: umefyatua, hakuna mlio. Usiigeuze bunduki kutazama. Huenda fataki inaungua polepole. Ielekeze kwenye shabaha, hesabu pole pole mpaka 30 au zaidi, ndipo uitoe risasi hiyo na kuiweka kando.

La pili: umesikia mlio mdogo, kama kizibo cha chupa, na bunduki haikujipakia. Hapa ndipo watu huumia. Mtu hufikiri imekwama tu, huvuta komeo kwa mkono, risasi mpya ikaingia, akafyatua. Kumbe risasi ya kwanza haikuwa na baruti ya kutosha, na kichwa chake kimebaki ndani ya mtutu. Kichwa cha pili hukikuta kimeziba njia, na mtutu hupasuka. Ukisikia mlio mdogo, simama. Toa magazini, toa risasi, fungua komeo, na upitishe mdeki mtutuni kabla ya kupiga tena. Mlio mdogo ni onyo, usiufurahie kuwa bunduki imetulia.

BAADA YA KAZI

Hesabu risasi zilizobaki, zilingane na daftari. Nawa mikono kabla ya kula, kwa kuwa vichwa na fataki zina madini ya lidi. Safisha bunduki siku ile ile. Risasi nyingi kuukuu za majeshi zina fataki zenye chumvi inayovuta maji, na mtutu waweza kushika kutu kwa usiku mmoja. Chumvi hiyo haitoki kwa mafuta. Osha kwa maji ya moto, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Funga bunduki katika sefu, na risasi uzifungie mahali pengine.

Na wewe uliyeokota risasi shambani, usiipige kwa nyundo, usiitupe motoni, usimpe mtoto. Iache pale pale, weka alama, mwambie chifu au polisi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Maandishi ya mahali patatu yapatane kabla ya kupiga. Ni mahali gani?
2. Kwa nini risasi ya .30-06 ya mwindaji yaweza kuharibu bunduki ya M1 iliyotengenezewa .30-06?
3. Kundi lako kwa mita 100 limepiga sentimita 12 kulia na sentimita 3 juu. Hatua moja ni sentimita 3. Utasogeza alama ya nyuma namna gani?
4. Umesikia mlio mdogo na bunduki haikujipakia. Utafanya nini kwanza?

Majibu: (1) Mtutu, boksi na kitako cha risasi. (2) Kichwa kizito na baruti ya polepole huacha msukumo mkubwa penye tundu, na fimbo hupigwa kupita kiasi. (3) Hatua 4 kushoto na hatua 1 chini. (4) Utasimama, utatoa magazini na risasi, utafungua komeo, na utapitisha mdeki katika mtutu.

Aliyekosa swali la nne asiende uwanjani kwanza. Na alisome tena somo hili.